Vifo vya uzazi vimeshuka toka 556 hadi 104, uzazi wa mpango umesimama palepale. Hizi namba tuzisomeje?

#1 Binti Mdadisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye kikombe cha chai akae.

Juzi kwenye kundi la ukoo, kaka yangu (mtoto wa baba mkubwa, mhasibu, mtu wa namba) katupia mistari miwili. Wa kwanza: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 hapa Tanzania ulikuta vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakuta 104. Wa pili: wanawake wenye ndoa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa asilimia 32, mwaka 2022 wakawa 31. Akamalizia hivi: "Vifo vimeporomoka, vijiti vimesimama. Hela za uzazi wa mpango zikanunue magari ya wagonjwa." (Vijiti ni vile vya kuzuia mimba, vinavyowekwa mkononi.) Ukoo mzima ukampigia makofi, pamoja na mama yangu mzazi aliyezaa tisa.

Namba ni za kweli, nimezikagua. Kilichonikwaza ni alichozifanyia.

Niseme kwanza nimetokea wapi. Nimewahi kuwa mdadisi kwenye tafiti za kaya, wale wadada wa vishikwambi mnaowaficha mbwa tukipita. Kuna sehemu ya dodoso inayotunyima raha. Unamwomba mwanamke akutajie watoto wote wa mama yake, mmoja mmoja, toka kifungua mimba hadi kitinda mimba. Huyu yupo? Ana miaka mingapi? Kama ni dada na hayupo: alifariki akiwa mjamzito? Akijifungua? Muda mfupi baada ya kujifungua? Vifo vingi kwetu haviingii kwenye daftari lolote, kwa hiyo hupatikana kwenye kumbukumbu za ndugu. Namkumbuka mama mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole, akafika cha nne, akakikunja. "Huyu aliondoka na mimba ya saba." Akaenda cha tano, na mimi nikabonyeza kitufe cha swali linalofuata, maana ndiyo kazi.

Sasa turudi darasa la nne. Mwalimu alisema sehemu ina kiasi juu na asili chini. Kwenye hiyo 556 na hiyo 104, juu wamekaa akina mama waliofariki, chini wamekaa watoto waliozaliwa hai. Mwanamke ambaye hakushika mimba hayupo juu wala chini. Hesabu hiyo haimjui. Na yeye ndiye mtu ambaye uzazi wa mpango unamhusu!

Chukueni vijiji viwili vya kubuni, kila kimoja kina wanawake 1,000. Kijiji cha kwanza kila mwanamke anazaa mara 7: vizazi 7,000. Kijiji cha pili kila mmoja anazaa mara 4: vizazi 4,000. Zahanati zao zinafanana, nesi mmoja, koroboi moja, kwa hiyo hatari ya kila uzazi ni ileile, tuseme vifo 500 kwa vizazi 100,000. Kijiji cha kwanza kitazika akina mama 35, cha pili kitazika 20. Wanawake 15 wako hai, wanauza maandazi. Mtakwimu akija na kipimo chake ataandika 500 huku na 500 kule, halafu kaka yangu atasema mnaona, uzazi wa mpango haujafanya kitu.

Mtasema vijiji ni vyangu, nimevitunga vinifae. Basi twendeni Matlab, Bangladesh. Ni eneo la vijijini kwenye mabonde ya mito, ambako kituo cha utafiti wa kipindupindu kilianza kuandikisha kila kizazi na kila kifo toka 1966. Mwaka 1977 wakaligawa eneo. Nusu moja wanawake wa vijijini hapo walipewa mafunzo, wakawa wanapita mlango kwa mlango kila wiki mbili wakiwa na vidonge, kondomu na sindano. Nusu nyingine ikabaki na huduma za kawaida za serikali. Ndani ya mwaka mmoja na nusu, matumizi kwenye nusu ya kwanza yalifika kama theluthi moja ya wanawake wenye ndoa. Watafiti walipokaa kuhesabu vifo vya 1976 hadi 1985 wakakuta hichohicho ninachokisema: ukigawa vifo kwa idadi ya wanawake, nusu yenye huduma ya mlangoni ilikuwa na nafuu, ukigawa kwa idadi ya vizazi, tofauti karibu huioni. Vifo vilipungua kwa kuwa mimba zilipungua. Yule aliyeshika mimba, hatari yake ilibaki vilevile mpaka walipoleta wakunga, usafiri na upasuaji.

Kwa hiyo hizi ni kazi mbili. Moja inapunguza mara ambazo mwanamke anavuka mto. Nyingine inatengeneza daraja. Kipimo cha vizazi hai kinapima daraja.

Na daraja letu kweli limetengenezwa, hapo kaka simpingi. Waliojifungulia kwenye vituo walikuwa asilimia 63 mwaka 2015-16, wakafika 81 mwaka 2022. Vituo vya afya vingi vilivyokuwa vinapima malaria na kufunga vidonda sasa vina chumba cha upasuaji. Kuna m-mama pia, ile ya kupiga 115 gari likaja, ingawa kitaifa imezinduliwa 2022 na namba ya 104 inatazama miaka ya nyuma yake, kwa hiyo msiipe sifa isizostahili kwa hii namba. Halafu 104 yenyewe ishikeni kwa mikono miwili: makadirio ya Shirika la Afya Duniani na wenzake yaliyotoka 2023 yaliipa Tanzania 238 kwa mwaka 2020. Njia za kukadiria ni tofauti. Kwamba tumeshuka, wote wanakubali. Umbali tulioshuka ndio wa kujadili.

Karibuni. Matusi nimeyazoea, ila mniletee na hoja.

#2 Mangi Mstaafu

Nimesoma mpaka mwisho, nadai soda.

#3 Kifaru wa Mbuga

Dada umeandika vizuri lakini unakwepa swali. Kwa nini Wazungu wanatuletea hivi vijiti bure wakati panadol tunanunua? Wao wanazeeka, wanatafuta watu, sisi tunaambiwa tupunguze. Rais wa awamu ya tano alilisema wazi akiwa Meatu Septemba 2018, kwamba mwenye uwezo wa kulisha azae. Watu ni mtaji.

#4 Binti Mdadisi

Mkuu Kifaru, mtaji huo unatoka tumboni kwa mtu. Sijasema nchi iwe na watu wangapi, hiyo ni mada nyingine na ina wenyewe. Ninaongelea mwanamke mmoja na mimba yake ya saba.

Na hili jambo halikuja na wafadhili wa juzi. UMATI, chama chetu cha uzazi wa mpango, ilianza 1959, bendera ya Mwingereza bado inapepea. Nyota ya Kijani, ile alama ya uzazi wa mpango, mmeiona kwenye kuta za zahanati toka miaka ya tisini. Kuhusu vya bure: chanjo za watoto nazo ni bure, hujawahi kuzikataa.

#5 Shangazi wa Pangani

Hata kabla ya hiyo UMATI. Nyie watoto wa siku hizi mnajua kubemenda? Mtoto ananyonya, mama kashika mimba nyingine, mtoto anadhoofu, tumbo kubwa, miguu kama njiti, kijiji kizima kinawanyooshea vidole wazazi wake. Kwa hofu hiyo mwanamke alikuwa anakaa kwao mpaka mtoto atembee, mume anakuja kusalimia mchana na kuondoka. Sasa mjini chumba kimoja, kitanda kimoja, kwao ni mbali na nauli hakuna. Desturi imekufa, na hofu imebaki.

Na Baqara imeandika miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kutimiza. Kupishanisha watoto si jambo la kuja na meli.

#6 Binti Mdadisi

Shangazi shikamoo. Umenigusia kitu kizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akishajifungua mtoto hai apumzike angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Hesabu ya wazee wetu na ya maprofesa imekutana. Tofauti ni maelezo tu: mtoto "aliyebemendwa" mara nyingi ni mtoto aliyeachishwa ziwa mapema akapewa uji mweupe usio na kitu.

#7 Nesi wa Barabara ya Vumbi

Mimi niko chumba cha uzazi wa mpango, zahanati, mwaka wa kumi na moja. Naomba niongeze yanayotokea mezani kwangu maana uzi unaongelea asilimia 31 kama vile ni watu walewale wamekaa wanasubiri kuhesabiwa. Siyo. Wanaingia na kutoka.

Mama anakuja kwa sindano ya miezi mitatu. Mwezi wa pili damu inatoka matone matone, au haitoki kabisa, jirani anamwambia imeganda tumboni itakuwa uvimbe. Harudi. Hatumii tena lakini hajaniambia, na baada ya miezi namwona kliniki ya wajawazito. Ukisoma vipeperushi sindano inashindwa kwa wanawake wachache mno, hawafiki hata 1 kwa 100 kwa mwaka, ikitumika bila kuchelewa. Kwa maisha ya kawaida ya watu ni kama 4 kwa 100. Vidonge vya majira ni kama 7 kwa 100. Kijiti hakina cha kuchelewa, ukishawekwa kipo mkononi, hata 1 kwa 100 hafiki. Ndiyo maana sasa vijiti vimeipita sindano. Jumla haijapanda, sawa, lakini ndani yake watu wamehamia kwenye njia zinazodumu, na asilimia peke yake haionyeshi hilo.

Lingine: anayeacha sindano akitaka mtoto asitegemee mwezi ujao. Inaweza kuchukua miezi tisa, kumi toka sindano ya mwisho. Tusipowaambia hili mapema wanaenda kusema sindano imewaua kizazi, na mmoja akisema hivyo kisimani, nimepoteza kumi.

Na tusisahau siku ambazo mzigo haujafika. Mama kaacha shamba, katembea saa mbili, namwambia leo kuna kondomu tu. Ananiangalia. Naangalia dirishani.

#8 Mangi Mstaafu

Nesi wewe nakupa soda yangu.

#9 Ndege wa Nyanza

Niko Kisumu. Huku kulikuwa na hofu kubwa zaidi ya hiyo ya uvimbe: kwamba sindano ya miezi mitatu inaongeza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Na haikuwa porojo ya sokoni, tafiti za awali zilikuwa zimeashiria hivyo, wataalamu wenyewe walikuwa wanabishana. Mlijua?

Ndipo wakaja na utafiti wa ECHO. Wanawake 7,829 kutoka Kenya, Eswatini, Zambia na Afrika Kusini, na Kisumu ilikuwa moja ya vituo. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine sindano, wengine kijiti, wengine lupu ya shaba. Matokeo yalitoka Juni 2019. Hakukuwa na tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu.

Lakini hiyo siyo habari yote, na inaniudhi kwamba watu walipiga makofi wakaondoka. Kati ya hao wanawake, 397 waliambukizwa. Karibu 4 kwa kila 100 kwa mwaka, huku wanapewa kondomu na ushauri! Yaani sindano iliachiwa huru, na ikaonekana kwamba chumba cha uzazi wa mpango ndimo walimo wanawake walio kwenye hatari. Unampa mtu kijiti unamwambia kwaheri, na hujamuuliza kuhusu virusi.

#10 Nesi wa Barabara ya Vumbi

Asante Kisumu. Hilo la mwisho ni kweli tupu.

#11 Baba Watatu

Wakuu mimi ni mwanaume na nitasema kinachowakera wanaume wenzangu. Mke wangu aliweka kijiti bila kuniambia. Nilikigusa usiku nikadhani ni mwiba. Mimi sipingi uzazi wa mpango, watoto watatu wananitosha na ada za shule. Lakini kwa nini huduma ifanywe kama wizi? Mtuite, mtueleze. Huo utafiti wenu una jibu?

#12 Binti Mdadisi

Baba Watatu, pole kwa mwiba. (Samahani, nimecheka.)

Jibu lipo na halipendezi upande wowote. Lusaka, mtaa wa Chipata, watafiti Nava Ashraf, Erica Field na Jean Lee waliwapa wanawake wenye ndoa vocha ya kumwona nesi wa uzazi wa mpango bila foleni. Baadhi walipewa wakiwa peke yao. Wengine walipewa mbele ya waume zao. Matokeo walichapisha 2014. Waliopewa mume akiwepo walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 19 wa kwenda kutafuta huduma, mdogo kwa asilimia 25 wa kutumia njia inayofichika, na mkubwa kwa asilimia 27 wa kuzaa.

Ukiishia hapo utasema wanaume wafungiwe nje. Ila hao waliopewa peke yao walipoulizwa kuhusu maisha yao, walisema wana furaha ndogo kuliko wenzao. Siri ina gharama. Mwanamke analala na kijiti na hofu ya kugundulika, na sidhani kama mke wako alifurahia ule usiku kuliko wewe.

Navrongo, kaskazini mwa Ghana, walijaribu kitu kingine toka katikati ya miaka ya tisini: wauguzi walihamishiwa kuishi vijijini, na sambamba na hapo wakawatumia machifu, mikutano ya hadhara na wanaume wa kujitolea kuongea na wanaume wenzao. Palipofanyika yote mawili ndipo uzazi uliposhuka, kama mtoto mmoja kwa kila mwanamke kwa miaka ya mwanzo. Kwa hiyo kuitwa kwenu kunafaa. Kuitwa siku ya huduma, mezani kwa nesi, mke akiwa ameinamisha kichwa, hapo ndipo panapoharibika.

#13 Baba Watatu

Mbele ya mama mkwe wangu nisingeweza kusema ukweli hata mimi. Nimekuelewa.

#14 Kifaru wa Mbuga

Bado hamjanijibu kuhusu Wazungu.

#15 Mhasibu wa Ukoo

Nimetumiwa huu uzi na watu wanne. Mimi ndiye kaka mwenyewe. Mdogo wangu, ungenipigia simu.

Hoja ya asili na kiasi nimeikubali, ni aibu kwa mhasibu kugawa kwa kitu kisicho sahihi. Lakini swali langu la hela hujalijibu, umelizunguka. Una shilingi moja. Benki ya damu au vijiti?

#16 Binti Mdadisi

Kaka, ulikuwa umezima data.

Shilingi moja peke yake naipeleka kwenye damu, kwa sababu mama anayetoka damu leo hana muda wa kusubiri takwimu. Ila bajeti haina shilingi moja, na damu hiyohiyo unaifanya iwe ghali kwa kuongeza watakaoihitaji. Mimba ya sita na kuendelea, mfuko wa uzazi umechoka, unashindwa kujikaza baada ya kondo kutoka, na kutoka damu ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani. Binti wa miaka 15 ana yake, kifafa cha mimba na uchungu pingamizi. Ukiongeza mimba zisizotakiwa zinazoishia kwa mganga wa uchochoroni (makadirio ya 2013 ni utoaji mimba 405,000 nchini, na sheria yetu inaruhusu pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini), hao wote wanakuja kulala kwenye vitanda ambavyo magari yako ya wagonjwa yanaleta watu.

Kuna watafiti walikokotoa kwa nchi 172 kwa kutumia takwimu za 2008. Walikadiria uzazi wa mpango ulizuia vifo vya akina mama kama 272,000 kwa mwaka huo, yaani bila huo vifo vingekuwa karibu mara mbili. Ni modeli, hakuna aliyekwenda kuwahesabu, na hawahesabiki, hawakufa. Lakini hata ukiikata namba hiyo nusu haiwi ndogo.

Halafu tazama ndani ya nchi. Utafiti wa 2015-16 ulikuta Lindi takriban nusu ya wanawake wenye ndoa wanatumia njia za kisasa, na Kusini Pemba hawafiki 1 kwa 10. "Asilimia 31 ya taifa" haipo kijiji chochote.

#17 Mhasibu wa Ukoo

Mama Mdogo wa Kolandoto yeye umemweka wapi? Mimba ya nane, na mtoto naye hakulia.

#18 Binti Mdadisi

Yeye yuko juu, kwenye kiasi. Mtoto hayupo chini, kwa sababu asili ni vizazi hai tu.

#19 Mhasibu wa Ukoo

Sawa. Ile posti yangu ya kwenye kundi siifuti, nitaweka hii chini yake. Mama yako kauliza kama utakuja na mchele Jumapili.

#20 Binti Mdadisi

Nakuja. Kilo kumi.